Sanamu ya Berlin na Barua Yangu ya Zamani

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa vidato vyote)



Katibu wetu alinitaka niseme habari za kazi yangu ya uhandisi wa majengo, na alinipa dakika ishirini. Nimemwomba radhi, nanyi pia nawaomba radhi, maana nimebadili shauri. Nitasema habari za sanamu moja iliyosimama katika uwanja wa mji wa Berlin, na habari za barua niliyoiandika katika jarida hili mwaka 1978. Kabla sijaketi mtaona kwamba mambo haya mawili ni jambo moja.

Miezi michache iliyopita mhariri wetu alinipigia simu. Alinieleza kwamba makala za zamani zinakusanywa ili zichapishwe katika kitabu, na kwamba wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliokuwa wakipanga majarida maktabani wameikuta barua yangu. Akasita kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mzee wangu, tukiona vyema tunaweza kuiacha hiyo. Hakuna atakayeuliza." Siku chache baadaye nikapata karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mmoja wa vijana hao. Yeye aliuliza swali moja tu: "Shikamoo babu. Je, uliona hivyo kweli, au uliambiwa uandike hivyo?"

Mhariri alitaka kunisitiri, na namshukuru. Lakini swali la kijana ni zuri zaidi, nami nimekuja kulijibu mbele yenu wote.

Kwanza niwaeleze sanamu yenyewe. Nilipelekwa Ujerumani ya Mashariki kwa masomo mwaka 1976. Kwanza tulifundishwa Kijerumani mjini Leipzig, kisha nikahamia Berlin kusomea ujenzi. Katika sehemu ya mji iitwayo Friedrichshain kulikuwa na uwanja uliopewa jina la Lenin, yaani Leninplatz. Katikati ya uwanja ilisimama sanamu ya Vladimir Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, iliyochongwa kwa mawe mekundu ya graniti kutoka Ukraine. Kimo chake kilikuwa mita 19, sawa na nyumba ya ghorofa sita hivi. Aliyeibuni alikuwa mchongaji wa Kisovieti, Nikolai Tomsky. Ilizinduliwa na Walter Ulbricht, mkuu wa nchi wa wakati huo, tarehe 19 Aprili 1970, siku tatu kabla ya kutimia miaka 100 tangu Lenin azaliwe. Nyuma yake lilipanda jengo refu la makazi, lenye vipandio vitatu kama ngazi, kila kipandio kirefu kuliko kilichotangulia. Jengo na sanamu vilipangwa pamoja, ili mtu akitazama kutoka mbali macho yake yapande kutoka sanamu hadi kilele cha jengo.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, niliyetoka katika kijiji ambacho jengo refu kupita yote lilikuwa ghala la pamba. Msinicheke nikisema kwamba mara ya kwanza nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Katika jengo lile aliishi mama mmoja mjane aliyekuwa akinisahihishia Kijerumani changu kila Jumamosi, nami nikimtengenezea rafu na bawaba za milango. Mama huyu hakuwa mtu wa chama. Wakati wa vita aliupoteza mji wake na nyumba yake, na kwa miaka mingi baada ya vita aliishi katika chumba kimoja chenye jiko la makaa, akichangia choo na majirani. Pale Leninplatz alipata nyumba yenye maji ya moto ukutani. Aliniambia kwamba Lenin yule yeye alimwona kama jirani asiyepiga kelele. Akitoka asubuhi kununua mkate alimwona, akirudi alimwona. Hakumwabudu wala hakumchukia.

Mtu wa pili ni bawabu wa bweni letu. Alikuwa mzee mkimya mwenye mkono mmoja usiokunjuka vizuri. Usiku mmoja wa baridi kali, nilipokuwa nimechelewa kurudi, alinikaribisha chai katika kijumba chake, akanieleza kwamba ujanani alikuwa mwashi. Mwaka 1953 alikuwa akijenga katika barabara kuu iliyoitwa Stalinallee, isiyo mbali na Leninplatz. Mwaka huo serikali iliongeza kiasi cha kazi ambacho kila mfanyakazi alipaswa kukitimiza, bila kuongeza mshahara. Tarehe 16 Juni waashi wa barabara ile wakaweka chini mwiko na nyundo wakaandamana. Kesho yake, tarehe 17, mgomo ukaenea katika miji mingi ya nchi, na vifaru vya Kisovieti vikaingia barabarani kuuzima. Watu waliuawa, na maelfu wakakamatwa. Mzee wangu alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Alifungwa miaka miwili, na mkono wake uliharibika huko huko.

Katika barabara ile ile ilisimama sanamu ya shaba ya Stalin, iliyowekwa mwaka 1951. Usiku mmoja wa Novemba 1961 iliondolewa kimya kimya, na barabara nayo ikabadilishwa jina. Watu waliolala Stalinallee waliamka Karl-Marx-Allee. Sanamu ikavunjwavunjwa, lakini baadhi ya wafanyakazi waliopewa kazi hiyo walificha vipande viwili, sikio na kipande cha masharubu, navyo vimewahi kuonyeshwa katika mkahawa mmoja wa barabara hiyo. Bawabu aliniambia, "Kijana, mimi nilijenga ile barabara. Walipomweka yule hawakuniuliza, na walipomwondoa hawakuniuliza. Na huyu wa sasa ni vivyo hivyo." Kisha akaninyoshea kidole akaniomba nisirudie maneno yake mahali popote.

Sasa nije kwenye barua. Niliiandika majuma mawili hivi baada ya chai ile. Niliwaeleza wenzangu wa shule ukubwa wa sanamu, rangi ya mawe yake, na jinsi watoto wa shule walivyoweka maua miguuni pake siku ya kuzaliwa kwa Lenin. Hayo yote yalikuwa kweli. Kisha nikaandika mambo mawili mengine. Nikasema kwamba sanamu ile itasimama pale miaka elfu. Na nikasema kwamba hakuna mtu katika mji ule asiyeipenda.

La kwanza lilikuwa kosa la ujana. Miaka elfu yangu ilikwisha baada ya miaka 13. Kosa la namna hiyo halinisumbui, maana hata wakubwa wenye elimu walikosea hivyo hivyo.

La pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu nilipoliandika nilijua si kweli. Ningeweza kutolitaja jina la mzee wala kazi yake, nikasema tu kwamba wako wanaoitazama kwa uchungu. Ningeweza hata kunyamaza juu ya jambo hilo, nikamaliza barua kwenye maua. Badala yake niliandika kinyume cha nilichokisikia kwa masikio yangu. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu, hili ndilo jibu lako. Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Sikupewa karatasi ya kunakili, na barua hiyo hakuna aliyeisoma kabla sijaitia posta. Niliogopa kupoteza nafasi ya masomo, hilo ni kweli. Lakini zaidi ya woga, nilitaka barua ipendeze. Nilijua ninyi wenzangu mlikuwa mnangoja habari za nchi nzuri, nikawapa nchi nzuri kuliko ilivyokuwa.

Wala nisikosee upande wa pili. Nchi ile ilinisomesha bure, ikanilisha na kunivika makoti. Kule Unguja, maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya 1964, na watu wanaishi humo hadi leo. Mtu akinitaka nitukane kila kilichotoka huko, sitafanya. Mama mjane alipata maji ya moto, na mwashi alipata kifungo, na yote mawili yalitoka kwa serikali ile ile. Barua yangu ilikuwa na nafasi ya mmoja tu.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani nikisimamia ujenzi wa madaraja, na habari za Berlin nilizipata kwa redio na kwa barua za yule mama. Mwaka 1991 baraza la wilaya liliamua sanamu iondolewe, na serikali ya jiji ikaifuta katika orodha ya kumbukumbu zinazolindwa na sheria. Palitokea ubishi mkubwa. Wengine walisema haiwezekani nchi huru iendelee kumtukuza mwanzilishi wa dola iliyowafunga watu wake. Wengine, wakiwamo wakazi wengi wa majengo yale, walipinga. Sanamu ilitundikwa kitambaa kikubwa chenye maneno ya kukataza mabavu, yale yale yaliyotumiwa na waandamanaji wa 1989 walioiangusha serikali ya zamani. Yule mama, ambaye hakuwahi kuandamana maisha yake yote, alishuka chini akasimama na wenzake kwenye baridi. Aliniandikia kwamba hakwenda kumtetea Lenin. Alichukizwa kwamba watu wasioishi pale wamekuja kumwambia yeye ni nini alichokuwa akikiona dirishani miaka yote hiyo.

Kazi ya kuivunja ilianza Novemba 1991. Walidhani itakuwa kazi ya siku chache, ikaenda mpaka Februari 1992. Kwa mhandisi jambo hili halishangazi, kwani mawe yale yalikuwa yameshikwa kwa zege na vyuma na watu waliokusudia yasishuke tena. Sanamu ilikatwa vipande 129, kichwa kikitangulia. Vipande vikapakiwa kwenye malori, vikapelekwa msituni kusini-mashariki mwa mji, vikazikwa katika machimbo ya mchanga. Uwanja ukapewa jina la Umoja wa Mataifa, na pale iliposimama sanamu ikajengwa chemchemi yenye mawe makubwa ya asili.

Nilipoisoma barua ya mama yule nilijisikia nimepumzika. Nitawaambieni kwa nini. Nilidhani barua yangu ya 1978 nayo imezikwa pamoja na mawe yale.

Lakini miaka ikapita, na watu wa Berlin wakawa na shauri jingine. Walitaka kufanya maonyesho ya kudumu ya sanamu zote za kisiasa zilizowahi kusimama katika mji wao kisha zikaondolewa. Wakahitaji kichwa cha Lenin. Mwanzoni, mwaka 2014, serikali ya jiji ilikataa, ikatoa na sababu kwamba mahali hasa kilipozikwa hapajulikani. Mtu mmoja aliyepata kutengeneza filamu juu ya sanamu hiyo akasema yeye anapajua. Mwishowe serikali ikakubali, lakini pakatokea kizuizi kipya. Juu ya kaburi lile walikuwa wameweka makao mijusi wa aina inayolindwa na sheria! Ikabidi kwanza mijusi wahamishwe kwa utaratibu, ndipo watu wachimbe. Nami nasema, ni heri ya mijusi wale, maana kabla ya kuguswa walifikiriwa. Bawabu wangu hakupata heshima hiyo.

Kichwa kilitolewa ardhini Septemba 2015. Uzito wake ni tani tatu na nusu. Tangu 2016 kimewekwa katika ngome ya kale ya Spandau, upande wa magharibi wa mji, pamoja na sanamu za wafalme na za tawala nyingine, ambazo baadhi yake nazo ziliwahi kuzikwa ardhini baada ya vita vya pili vya dunia.

Mwaka 2018 nilikwenda kumtembelea binti yangu aliye Ujerumani, nikamwomba anipeleke Spandau. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki, na bawabu zaidi ya miaka thelathini kabla yake. Nilikikuta kichwa kimelazwa ubavu sakafuni. Hakikusimamishwa juu ya nguzo, wala hakikuwekwa maua. Juu ya kichwa bado kuna vyuma walivyovichomeka ili winchi iweze kukinyanyua. Yule niliyemtazama mpaka shingo ikauma, sasa nilimtazama nikiwa nimeinama. Nikagusa shavu lake, nikaona ni jiwe, na lina baridi.

Kando yetu walikuwapo watoto wa shule na mwalimu wao. Mtoto mmoja akauliza, "Huyu alikuwa mbaya?" Mwalimu hakujibu ndiyo wala la. Aliwaeleza nani alimweka, nani alimwondoa na nani alimchimbua, kisha akawauliza watoto wangependa kumwuliza nini kila mmoja wa watu hao. Mimi nilijiondoa taratibu nikaenda kuketi nje, maana niliona kwamba kama ningeulizwa swali lolote pale ningekuwa na la kujibu.

Labda baadhi yenu mnasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya Wajerumani. Basi mkienda Dar es Salaam, itazameni Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927. Kabla yake, tangu mwaka 1909, hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoiteka nchi waliiondoa, na mwaka 1922 ikasimamishwa mjini Hamburg mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 na tena 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha, kwa kuwa walikwisha kujua habari za mtu yule. Fikirini: wazee wetu wa Dar es Salaam hawakuulizwa sanamu hiyo ilipowekwa wala ilipoondolewa. Miaka sitini hivi baadaye walioiangusha walikuwa vijana wa Hamburg, kwa sababu walisoma. Laiti kusingekuwa na maandishi ya kusoma, ingekuwa inasimama mpaka leo, na mapigeni wakiitua.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuamua kama sanamu fulani ibaki au iondoke. Watu wenye uwanja wao na waamue. Nilichojifunza ni kwamba aliyeizika na aliyeinua walifanana katika jambo moja. Wote wawili walitaka mwenye kupita asiulize. Kichwa kile kimeanza kuwa na faida kwa watoto tangu kilipowekwa mahali ambapo mtoto anaweza kukaribia na kuuliza.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa mhariri wetu. Barua yangu ya 1978 ichapishwe katika kitabu, yote, pamoja na miaka elfu na pamoja na uongo wake, bila kubadilishwa neno. Na baada yake yachapishwe maneno haya ya leo. Mzee yule aliniomba nisirudie maneno yake. Nimeyatunza zaidi ya miaka arobaini, serikali aliyoiogopa imekwisha, naye amekwisha. Naamini ahadi imetimia, na jina lake bado sikulitaja.

Nanyi vijana mnaoandika katika jarida hili, mtapata nafasi za kwenda mbali kuliko sisi, na mtaonyeshwa vitu vikubwa. Andikeni ukubwa wake, msione haya kustaajabu. Lakini mkikaribishwa chai na bawabu, na akawaambia jambo msiloweza kuliandika, basi angalau msiandike kinyume chake. Na kijana aliyeniuliza swali, baada ya mkutano huu naomba aje tusalimiane. Namdai mkono, naye ananidai maelezo zaidi.

Shule yetu idumu.